Mama Stoo na Ukurasa Usio na Jina

Kwa miaka mingi niliyomfanyia kazi Mama Stoo, sikumsikia akisema anataka nini. Asichotaka alikisema vizuri sana, kwa sauti, mbele za watu. "Hii hapana," alikuwa akisema, na kidole chake chenye masizi kinagusa skrini ya kompyuta yangu na kuacha alama. "Hii pia hapana. Injinia, hii kabisa hapana." Nikimuuliza sasa anataka ipi, ananitazama kwa huruma, halafu ananiomba nimsaidie kugeuza sufuria zikauke.

Mimi si injinia. Ninatengeneza programu za kompyuta na za simu kwa watu wanaohitaji kitu ambacho hakiuzwi dukani. Nilisomea Kampala, nikarudi Arua kwa sababu mama yangu alisema rudi. Kazi yenyewe, ukiondoa kuandika, ni kumsikiliza mtu mpaka uelewe shida yake. Chuoni tulipewa maswali ishirini ya kumuuliza mteja, na nilikuwa nayo yote kwenye daftari. Mama Stoo aliyasikiliza yote asubuhi moja bila kunikatiza, akiwa ameinamia sufuria na kipande cha chuma cha kukwangulia. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeoa.

Alizaliwa wapi na mwaka gani, waulizeni walio na haki ya kujua. Mimi nilimkuta akiwa hivyo alivyo, mwanamke mpana wa Kikakwa, ameolewa Arua, na funguo shingoni kwa uzi wa kiatu. Alikuwa mtunza stoo wa chama chetu cha kuzikana. Stoo ni chumba cha matofali nyuma ya soko, chenye mlango wa bati. Ndani mna mahema mawili, viti vya plastiki mia tatu, mapipa ya maji, na sufuria ishirini na moja, nne kati yake kubwa kiasi kwamba mtu mzima anaoga ndani akitaka. Mwanachama akifiwa anakuja na lori au mkokoteni, anapewa vyombo vya kupikia waombolezaji, na matanga yakiisha anavirudisha. Chama kina Walugbara, Wakakwa, Wanubi, wachuuzi wa Kongo na jamaa wa Sudan Kusini, kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili. Changu kimenyooka kidogo kwa sababu baba alikuwa askari aliyependa vitabu kuliko bunduki. Cha Mama Stoo kilikuwa cha sokoni, na kila mtu alikielewa.

Shida yake ilikuwa moja. Kabla mimi sijamjua, mwanamke mmoja wa Logiri alifiwa na mumewe, akaazima lori, akaja stoo akakuta rafu tupu. Misiba miwili ilikuwa imemtangulia na imechukua kila kitu. Alirudi na lori tupu. Watu walizika, wakala kwa zamu kwenye visufuria vya majirani, wengine wakaenda zao na njaa, na mpaka leo kule Logiri msiba ule unakumbukwa kwa njaa yake, marehemu mwenyewe hatajwi. Mama Stoo alinionyesha aliposimama yule mwanamke. "Hapa," alisema. "Yeye iko hapa na lori. Mimi iko hapa na funguo." Alinionyesha mara tatu katika wiki ya kwanza, na mara zote tatu nilitikisa kichwa, nikasema pole Mama, nikarudi kwenye maswali yangu.

Pale ndipo alipokuwa anajibu maswali yote ishirini. Alitaka asitokee tena mtu mwenye msiba akaondoka mikono mitupu. Nimeliandika sasa kwa sentensi moja. Yeye hakulisema hivyo hata siku moja, na mimi, niliyesomea kusikiliza, nilichukua karibu miaka miwili kulielewa. Kichwa changu ni kigumu, hilo nalijua.

Programu ya kwanza niliyomletea ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kalenda ya rangi. Mwanachama anayehitaji vyombo aliombwa kutoa taarifa siku tatu kabla ya tarehe ya shughuli. Mama Stoo aliitazama kwa muda, na alikuwa na mteja mbele yake, mzee wa Vurra aliyefiwa na mdogo wake alfajiri ile.

"Mashine inasema siku tatu mbele," alimwambia yule mzee. "Wewe iko na namba ya marehemu? Tumupigie simu, aahirishe kidogo."

Mzee wa msiba alicheka mpaka akakohoa, na mimi niliifunga kompyuta.

Programu ya pili haikuwa na siku tatu. Ilikuwa na ujumbe wa simu unaojituma wenyewe kumkumbusha aliyechelewa kurudisha. Niliuandika kwa lugha ya heshima: Ndugu mwanachama, muda wako umekwisha. Ujumbe huo ulimfikia mjane mmoja akiwa kaburini, udongo haujashindiliwa. Alimpa padri simu amsomee, na padri, maskini, akasoma kwa sauti. Mama Stoo hakunifokea. Alinituma kwenda kumwomba radhi yule mama mwenyewe, kwa miguu, na nikifika nisitaje kompyuta.

Mtu angedhani basi alikuwa mpole katika kudai vyombo. Wapi! Kifuniko kimoja kikipotea alikifuata mpaka mpakani. Aliwahi kuingia jikoni kwa mtu wakati wa chakula cha mchana, akanyanyua kifuniko kwenye chungu cha mboga, akageuza, akaonyesha alama aliyoikwaruza kwa msumari, akaondoka nacho, na mboga ikaendelea kuchemka wazi. Lakini watu wakiwa bado kwenye matanga, hata wiki ipite, hakuuliza. Kulikuwa na wakati wa kudai na wakati wa kunyamaza, na mpaka kati yake aliujua yeye. Nilimwomba anipe kanuni niiweke kwenye programu. Alisema, "Wewe unaangalia macho ya mutu." Sikuwa na kisanduku cha macho ya mtu.

Sufuria nazo nilizipa namba. Yeye alikuwa tayari amezipa majina. Ilikuwapo Mkono Mmoja, iliyopoteza mshikio wake lori lilipopinduka. Ilikuwapo Bibi Harusi, iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi iliyovunjika. Na kubwa kuliko zote iliitwa Serikali, kwa sababu inakula kuni nyingi na chakula kinachelewa. Nilimwambia kompyuta inapenda namba. Akasema kompyuta ibebe yenyewe, basi, tuone kama inaweza kuzitofautisha kwenye giza la stoo. Nikarudisha majina.

Msibani hakulia. Alikuwa kazini, akizunguka kwenye mafiga na khanga imefungwa kiunoni, akionja maharage, akiwagombeza wapishi wa enya, ule ugali wetu wa muhogo, kwamba wanakoroga na usingizi. Alilia harusini. Katika harusi ya mpwa wangu alilia tangu kanisani mpaka keki, na nilipomuuliza kulikoni, alisema hapa hakuna mtu anamhitaji. Chai alikunywa bila sukari kila alipokwenda kutembelea watu, akisema daktari amemkataza, na nyumbani kwake aliweka vijiko vinne. Kwenye mikutano alisinzia. Ukitaja sufuria anaamka.

Siku aliyoniambia anataka jambo, sikujua kama ndilo. Tulikuwa tumekaa mlangoni mwa stoo. Alisema bila kuniangalia, "Weka mahali ya watu ya kutembelea."

"Watu gani, Mama?"

"Watu."

"Tuwatembelee kwa nini?"

"Wewe huna wazazi? Watu wanatembelewa."

Akanisomea majina kumi na moja kutoka kichwani. Kila jina likawa na mahali, idadi ya watu, na sufuria. Mzee fulani wa Ombaci, mia tatu, kubwa mbili. Mama fulani wa Vurra, mia tano, kubwa tatu, na mapipa. Nilichapa huku nafurahi. Hatimaye, nilijisemea, mteja anatoa data! Nilidhani ni wanachama wapya tunaowawinda, watu wenye sherehe kubwa mbeleni. Nikatengeneza ukurasa safi wenye jedwali, na juu yake, kwa herufi nene za rangi nyekundu, nikaandika kichwa: WATEJA WATARAJIWA. Yeye alikuwa amekwenda kupima maharage. Hakukiona.

Hao kumi na moja walikuwa wagonjwa. Ndivyo alivyokuwa anaendesha stoo miaka yote. Alijua nani amelala kitandani Ombaci, nani amerudishwa kutoka hospitali Vurra, ukoo wa nani ni mkubwa na wa nani ni mdogo, na kwa hesabu hiyo aliacha sufuria fulani ndani hata pale mtu mwingine alipozitaka. Hesabu hiyo haiwezi kusemwa kwa mdomo. Kwetu, ukihesabu waombolezaji wa mtu aliye hai, umemtakia kifo, na kuna watu wamehama vijiji kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo alisema kwa kuzunguka, akategemea kwamba mtoto wa hapa, aliyezaliwa hapa, ataelewa. Mtoto wa hapa alikuwa anachagua aina ya herufi.

Mwenyekiti wa chama ndiye aliyekuwa ameniajiri. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye suti tatu na shinikizo la damu, mtu wa maendeleo. Aliitisha kamati nzima ione programu ikiwashwa ukutani kwa projekta ya kuazima. Wakaja watu tisa, chai ikamiminwa, Mama Stoo akasinzia pembeni, mimi nikasimama na kijiti. Nikaonyesha orodha ya vyombo, wakapiga makofi. Nikaonyesha viti, wakapiga makofi. Nikasema sasa tuangalie mipango ya mbele, nikabofya.

Majina kumi na moja yakajaa ukutani. La pili lilikuwa la Mwenyekiti. Watu mia sita, sufuria kubwa zote.

Mtu mmoja alishusha kikombe chini kwa mikono miwili. Mnubi mmoja mzee alianza kusoma dua taratibu. Mwenyekiti alivaa miwani, akasogea ukutani, akasoma jina lake, akasoma idadi, akasoma sufuria kwa sauti, akageuka. Dada yake, aliyekuwa mwekahazina na jina lake likiwa la saba, alisoma naye. "Watu mia mbili tu?" alisema. "Mimi? Mia mbili?"

"Nani ameandika hii?" Mwenyekiti aliuliza.

Nilikuwa na kijiti mkononi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba kichwa kile chekundu ni changu, kwamba Mama hakuwahi kutamka neno mteja, kwamba ni mimi niliyekosa kuelewa. Maneno yalikuwa machache na yote niliyajua. Sikuyasema. Niliogopa. Nimeyapindua mara nyingi tangu hapo, na kila mara nakuta sababu ileile, niliogopa kupoteza kazi.

Mama Stoo aliamka, kwa kuwa sufuria zilikuwa zimetajwa. Akatazama ukutani. Hakuwa msomaji wa haraka, alisoma mpaka mwisho kwa kusogeza midomo.

"Mimi," alisema. "Injinia hapana kosa. Yeye anaandika tu ile mutu anamwambia."

"Unatuhesabu?"

"Mimi nahesabu sufuria, Mwenyekiti."

"Kwa vichwa vyetu!"

Mama Stoo alivua uzi wa kiatu shingoni, akaweka funguo mezani kando ya sahani ya karanga, akachukua mkoba wake akatoka. Wengine walisema arudishwe aulizwe vizuri, wengine walisema asikanyage tena msibani kwao. Wiki hiyohiyo wanawake wawili waliokuwa wakimwachia watoto wao waliacha kuwaleta. Nilisikia, nikaendelea kunyamaza. Loo, nilinyamaza vizuri.

Mtunza stoo mpya alikuwa kijana mwaminifu mwenye mwandiko mzuri. Alifuata programu yangu kama ilivyo, anayetangulia anapewa anachotaka. Wiki ya sita walikuja watatu kwa siku mbili. Wa kwanza alikuwa na msiba wa watu sitini akachukua kubwa tatu, kwa sababu zilikuwepo. Wa pili akachukua zote zilizobaki za kupikia. Wa tatu alikuwa mtu wa Vurra aliyefiwa na mama yake, ukoo wao uko pande zote mbili za mpaka, na watu walikuwa wameshaanza kuvuka. Aliondoka na sufuria mbili za chai. Hakugombana na mtu. Alishukuru.

Asubuhi iliyofuata Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu amevaa suti, akasema nimpeleke kwa pikipiki. Tulimkuta Mama Stoo uani anaanika muhogo. Mwenyekiti alimpa funguo kwa mikono miwili.

"Mama, chukua."

"Ya Vurra walikula nini?"

"Walikula."

"Nini?"

"Mihogo ya kuchemsha," alisema Mwenyekiti. "Kidogo."

Mama Stoo alikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimwona anakunja uso na kuukunjua, kama mtu mwenye jino. "Mimi nilimuona ile mama mara nne," alisema. "Nilimuambia hapana ogopa, watu yako watakula. Nilimuambia." Hapo alilia, na ilikuwa mbali sana na harusi. Mwenyekiti alisimama na suti yake akitazama muhogo.

Mwishowe alisema kamati imekubali aendelee, ila jina lake Mwenyekiti lifutwe. "Ndiyo, Mwenyekiti," alisema Mama Stoo, akavaa funguo. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono kando ya pikipiki. "Hapana futa," aliniambia.

Nilimwomba radhi siku chache baadaye, stoo, mlango ukiwa umefungwa. "Mama, kile kichwa chekundu nilikiandika mimi."

"Najua. Mimi nasema 'mteja' lini?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Wewe ungefukuzwa, halafu nani anaondoa ile kitu kwa mashine?" Akanipa kipande cha chuma. "Kwangua hii chini. Iko na ugali ya juzi."

Nilianza kwenda naye kutembelea watu. Sikuwa na maswali yoyote kwenye daftari, na daftari lenyewe niliacha nyumbani. Kwa yule mzee wa Ombaci, aliyewahi kuwa fundi cherehani, tulikaa karibu nusu siku. Mama Stoo aliongea na mzee juu ya mbuzi. Kisha akasema anatafuta choo, akazunguka boma lote taratibu. Nilimfuata. Alisimama langoni akanyoosha mikono kulia na kushoto. Alihesabu hatua mpaka bomba la maji. Alichungulia jiko la jirani, akasalimia, akauliza wanatumia kuni za wapi. Akarudi, akaomba wembe na beseni la maji, akaweka miguu ya mzee mapajani mwake, akaanza kumkata kucha moja moja, akimtania kwamba hizi ni za kulimia.

Njiani aliniambia, "Watu mia tatu na kidogo. Lori haipiti lango, itasimama barabarani. Mapipa tano, maji iko mbali."

"Mama, ulikwenda kumwona au kuhesabu?"

"Sasa kama mimi nahesabu tu," alisema, "kucha yake inakatwa na nani?"

Sijawahi kuamua. Wapo waliomwogopa kabisa. Mtu mmoja wa Vurra, aliyekuwa kitandani tangu mvua za kwanza, aliposikia Mama Stoo amefika kwa jirani aliamka, akachukua jembe, akaonekana shambani analima, na alilima hivyo miaka minne. Mama Stoo alisimulia kisa hicho kwa fahari, akisema dawa yake haina madhara.

Ukurasa niliujenga upya. Hauna kichwa, hauna jina, unafunguliwa kwa namba ya siri, na hauonyeshi kitu ukutani hata ukibofya mara mia. Mtu akija kuchukua vyombo, programu inasema tu toa sita ndogo na moja kubwa. Haisemi kwa nini. Anayetoa haulizi, anayepokea anatosheka, na nyuma ya mlango zinabaki zile zinazotakiwa kubaki. Tangu hapo hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Wateja wangu wengine wananiambia wanataka nini kwa kurasa na kurasa, na michoro. Kwao nauliza kwanza nani alisimama wapi siku mambo yalipoharibika. Wengi wanaona napoteza muda.

Mara ya mwisho nilimwona Koboko, kwa binti yake. Tumbo lilikuwa limemsumbua miezi kadhaa, na hospitali walikuwa wamemwambia aende nyumbani akapumzike, naye alilijua neno hilo kuliko mimi. Stoo alikuwa amemwachia yule kijana wa mwandiko mzuri, akimpigia simu mara tatu kwa siku. Nilimkuta amelala kwenye mkeka barazani, amepungua hata pete zimefungwa uzi zisianguke.

"Fungua ile," alisema kabla sijakaa.

Nikafungua ukurasa kwenye simu. Tukapita majina. Huyu amepona, toa. Huyu ongeza mapipa, wamefukia kisima. Yule wa Ombaci bado. Tulipofika mwisho alisema, "Sasa andika mimi."

"Mama, siandiki."

"Wewe unaogopa nini? Kuandika haiui mutu. Mwenyekiti tumemuandika miaka mitano, juzi ameoa."

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Aliningoja. Kisha akaanza kusema, polepole, akipumzika kati ya jambo na jambo, nami nikachapa.

"Ni hapa Koboko, si Arua. Lori itoke stoo mapema, barabara iko na ng'ombe. Watu mia nne. Lango iko wazi, lori inaingia mpaka jikoni. Maji karibu, mapipa mbili inatosha. Wanubi wanataka mutu yao achinje, muwaambie mbele, hapana ngoja siku ile. Kubwa moja tu. Tatu ziache: moja ya mzee ya Ombaci, mbili ya Mwenyekiti, maana ile bibi mupya anaweza kumumaliza."

"Mama, watu mia nne kwa kubwa moja?"

"Watakula kwa zamu. Mimi sitakuwa na haraka." Akafumba macho kidogo. "Na ile kijana ya stoo hapana kuja. Atataka kuja, atalia. Mumukataze. Akae pale kwa mlango na funguo. Siku ile ile mutu anaweza kuja."

Nikamsomea kuanzia juu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba ni hivyo. Nikabofya kuhifadhi, nikasema nakwenda kuangalia pikipiki isije ikawa juani. Nilizunguka nyuma ya tangi la maji nikalia nimeshika ukuta. Binti yake alikuwa anafua pale. Alinipa kisogo kwa adabu, akaongeza maji kwenye beseni yapige kelele.

Barazani sauti ikaita, dhaifu lakini ya ukali wake uleule.

"Injinia! Wewe umeandika viti?"

Nilikuwa sijaandika viti.